Risala ya Watangazaji wa Kipindi cha Kiswahili, Thamesmead, Kuhusu Kipimo cha Sauti Studioni

Ndugu Mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya studio,

Sisi watangazaji wa kujitolea tunaleta malalamiko haya kwa maandishi kwa kuwa tumeyasema kwa mdomo mara nyingi na hayajafanyiwa kazi.

Kila tukimaliza kipindi tunaambiwa sauti zetu ni ndogo, tusogelee maikrofoni, tupaze. Huku nyuma wasikilizaji wetu wa Thamesmead, Abbey Wood na Plumstead, wengi wao akina mama na wazee, wanatueleza kwamba bongo fleva ikiingia baada ya mazungumzo hukimbilia kupunguza redio, na tukirudi kuzungumza hawasikii neno. Ndugu Mwenyekiti, kasoro haiko kooni mwetu. Iko kwenye mipangilio ya kipimo.

Kipimo cha kwenye skrini kimeachwa kwenye mita ya vilele, ile ya namba 1 hadi 7 iliyoasisiwa BBC miaka ya 1930. Kazi yake ni kuzuia mitambo isizidiwe, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Haipimi sikio linasikia nini. Wimbo uliobanwa na shairi linalosomwa kwa utulivu vinaweza vyote kugonga 6, lakini wimbo ukamfunika msomaji kabisa. Ndiyo maana Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulitoa kanuni ya kupima ukubwa wa sauti, BS.1770, mwaka 2006, na mwaka 2010 Umoja wa Watangazaji wa Ulaya, EBU, ukatoa R 128: wastani wa kipindi kizima uwe -23 LUFS, kizio cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, na kilele halisi kisizidi -1 dBTP. Kipimo cha namna hii hakihesabu ukimya, kwa hiyo mzee anayetua kati ya beti haonekani mnyonge kwa sababu ya kutua kwake.

Kipimo cha LUFS kimo ndani ya mtambo huo huo tulio nao. Tatizo ni kwamba hata kikiwashwa hakirudishwi sifuri. Tunaingia studio tunakuta wastani uliobeba vipindi vya tangu asubuhi, kisha tunahukumiwa kwa namba ya wenzetu.

Lililotuuma zaidi ni maikrofoni ya mgeni. Sauti yake imeelekezwa upande wa kushoto tu. Sauti ikitoka upande mmoja badala ya pande zote mbili, kipimo husoma pungufu kwa takriban vizio 3 vya LU, na anayesikiliza kwa kidude cha sikio la kulia hamsikii mgeni hata kidogo. Tulimleta bibi aeleze ngoma za harusi za kwao Lamu. Nusu ya maneno yake yalipotea, na lawama tukapewa sisi. Nasi hatuwezi kurekebisha, maana nywila ya mtambo anayo fundi wa studio peke yake, na siku ya kipindi chetu hayupo.

Tunadai yafuatayo. Kipimo kiwekwe kwenye LUFS na kirudishwe sifuri mwanzoni mwa kila kipindi. Kwa kuwa tunarusha mtandaoni, shabaha ifuate pendekezo la Jumuiya ya Wahandisi wa Sauti, AES, la mwaka 2021, yaani -18 LUFS kwa maneno na -16 LUFS kwa muziki, ili nyimbo zishushwe badala ya sisi kupiga kelele. Maikrofoni ya mgeni ielekezwe katikati. Na mtangazaji mmoja kwa kila kipindi afundishwe mipangilio hii na apewe nywila.

Mtaa huu ulikuwa na Radio Thamesmead tangu 1978, ikipita kwenye nyaya hadi majumbani, na wakazi ndio waliokuwa wakitangaza. Kwa moyo huo huo, hatuombi upendeleo wa lugha. Tunaomba Kiswahili kipimwe kwa haki kama vipindi vingine vyote.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla ratiba mpya ya vipindi haijatoka. Mkihitaji, tuko tayari kukaa na fundi siku yoyote atakayotupangia.

Tunaomba kuwasilisha.

Watangazaji wa Kipindi cha Kiswahili