Mashine ya kupasua ngozi: upana wa kisu usimdanganye mnunuzi

Mwekezaji mdogo anayetaka kuingia katika biashara ya mikanda, hatamu na kamba za mbwa zilizosukwa kwa ngozi hufika mahali akahitaji mashine ya kupasua ngozi. Kazi ya mashine hiyo ni kuondoa tabaka la upande wa nyama na kubakiza upande wa uso ukiwa na unene mmoja. Akiwa dukani, kinachomvutia kwanza ni upana wa kisu, kwa imani kwamba mashine pana ndiyo yenye faida. Kwa biashara ya kusuka, imani hiyo inaweza kufunga mtaji bure.

Tuchukue mfano wa mkanda uliosukwa kwa tepe nane, kila moja ikitakiwa kuwa na unene wa milimita 1. Tepe moja ikipungua kwa milimita 0.2, imepoteza moja ya tano ya unene wake. Msuko utapinda, vinundu vitaonekana, na tepe hiyo ndiyo itakayokatika kwanza. Mnunuzi wa jumla akiona kasoro hiyo katika mikanda michache, mzigo wote unaweza kurudishwa.

Mashine zilizopo sokoni ni za aina tatu. Ya kwanza ni ndogo, ya kuvuta kwa mkono: kisu kimesimama, na fundi huvuta ngozi kati ya kisu na rola. Kampuni ya C.S. Osborne ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1826, ni miongoni mwa watengenezaji wanaojulikana wa aina hii. Bei yake ni ya chini ikilinganishwa na nyingine, lakini ngozi nyembamba hunyooka inapovutwa, kisha hurudi baada ya kukatwa ikiwa na unene usiolingana. Aidha, ncha iliyoshikwa mwanzoni hubaki bila kupasuliwa.

Aina ya pili huzungushwa kwa mkono. Rola mbili huishika ngozi na kuisukuma kwenye kisu, hivyo mvutano hupungua. Kwa tepe na vipande vyembamba, hii ndiyo inayostahili kufikiriwa kwanza, na upana wa sentimita 15 unatosha.

Aina ya tatu hutumia kisu kirefu cha mviringo kisicho na mwisho, kinachozunguka mfululizo huku kikinolewa na mawe yaliyomo ndani ya mashine. Hupasua ngozi nzima kwa usahihi mkubwa. Hata hivyo, mahali pake ni kwenye kiwanda cha kusindika ngozi, penye umeme wa njia tatu, fundi wa kudumu na ngozi nyingi za kuilisha kila siku.

Ngozi yenyewe nayo ina masharti yake. Wasukaji wa Australia hutegemea ngozi ya kangaruu, ambayo hubaki imara hata ikipunguzwa sana. Hapa kwetu iliyo karibu ni ya mbuzi. Nyuzi zake zimeshikana vizuri, na mara nyingi ni nyembamba tayari. Inahitaji kusawazishwa zaidi kuliko kupasuliwa. Ya kondoo ni legevu, na tabaka zake huachana kwa urahisi. Tepe za kusuka zikatwe mgongoni, kwani ngozi ya tumboni hunyooka ovyo. Hakuna mashine inayoweza kurekebisha uchaguzi mbaya wa ngozi.

Kwa hiyo mnunuzi aende dukani na ngozi yake mwenyewe pamoja na kipimo cha unene. Apitishe tepe ya mita moja, kisha apime sehemu tano. Tofauti ikizidi milimita 0.1, na muuzaji akashindwa kuiondoa kwa kurekebisha skrubu za pande mbili za kisu, aiache mashine hiyo. Atikise rola kwa mkono. Ikicheza, beringi zimekwisha. Aangalie pia uso uliokatwa: mstari ulionyooka toka mwanzo hadi mwisho ni dalili ya pengo kwenye makali. Kwa mashine iliyotumika, aulize kama kisu cha akiba kinapatikana kabla hajauliza bei.

Asiye na kazi ya kutosha anayo njia nyingine: kuagiza ngozi iliyokwisha kupasuliwa kiwandani kwa unene anaoutaka, na kulipia huduma hiyo. Ajumlishe anacholipa kwa miezi 6, kisha alinganishe na bei ya mashine, visu, kunoa na ngozi itakayoharibika wakati wa kujifunza. Ikiwa huduma bado ni nafuu, fedha za mashine zinunue ngozi bora zaidi. Ikiwa ghali, basi anunue mashine ndogo inayokata sawasawa, na pana aiachie kiwanda.