Dalali Anayejiuzia

Imezuka kawaida katika magazeti na redio zetu ya kutangaza habari za meneja wa wasanii aliyegeuka mtayarishaji wa filamu kana kwamba ni habari ya mtu aliyepanda daraja. Jana alikuwa akiwatafutia waigizaji mikataba, leo jina lake linasomeka mwanzoni mwa filamu. Basi na apongezwe. Mimi simpongezi. Nashikilia kwamba mtu huyo hakupanda, bali amevuka meza. Alikuwa ameketi upande wa anayeuza kazi, sasa ameketi upande wa anayeinunua, na aghalabu kile kiti cha kwanza hakukiacha.

Sisi walimu wa Kiswahili hatuna haja ya kwenda mbali ili kuufahamu ubaya wa jambo hili. Lugha yetu inalo neno dalali. Dalali hunadi mali ya mwenziwe akala ujira wake, na bei ikipanda hufurahi wote wawili. Lakini akiinunua mali hiyo yeye mwenyewe, faida yake imo katika kushuka kwa bei ile ile aliyoajiriwa kuipandisha. Ndiyo maana wanazuoni wengi wa fikihi, tangu kale, walimkataza wakili kujiuzia mali aliyokabidhiwa pasipo idhini ya mwenyewe. Njia mbili zilimshinda fisi. Meneja wetu hazikumshinda, alizipita zote mbili, na aliyepasuka msamba ni mwingine.

Tazama yaliyotokea Marekani, ambako biashara hii ilikomaa mapema. Kampuni ya MCA ilianzishwa Chicago mwaka 1924 na Jules Stein, daktari wa macho, ikawa wakala wa bendi za muziki, kisha wa waigizaji wa Hollywood. Chama cha waigizaji kilikuwa na kanuni iliyomzuia wakala kuwa mtayarishaji. Mwaka 1952 chama hicho kiliifungulia MCA mlango: ikaruhusiwa kutayarisha vipindi vya televisheni bila kikomo huku ikiendelea kuwawakilisha waigizaji. Rais wa chama wakati huo alikuwa Ronald Reagan, naye mwenyewe alikuwa mteja wa MCA. Miaka kumi baadaye, mwaka 1962, Wizara ya Sheria ya Marekani iliishitaki kampuni hiyo, nayo ikalazimika kuchagua. Je, ilichagua nini? Ilivunja uwakala, ikashika utayarishaji. Msomaji na apime mwenyewe ni kiti kipi kilichokuwa na mto laini zaidi.

Mlango uliofungwa kwa mawakala ukabaki wazi kwa mameneja. Kwa sheria ya California wakala hana budi kuwa na leseni. Meneja, ambaye kisheria kazi yake ni kushauri na kuongoza tu, hana leseni ya namna hiyo, wala hafungwi na kanuni zile za vyama. Hapo ndipo alipopitia Brad Grey. Alikuwa meneja wa mchekeshaji Garry Shandling kwa miaka 18 hivi, na kipindi cha The Larry Sanders Show kilipoonyeshwa kuanzia 1992 hadi 1998, Grey alikuwa pia miongoni mwa watayarishaji na wenye hisa. Januari 1998 Shandling alimshitaki akidai dola milioni 100. Alidai kwamba meneja wake alijitwalia nusu ya kipindi, na kwamba alilitumia jina la mteja kujipatia mikataba yake binafsi. Grey alikana yote, akamshitaki naye. Mwaka 1999 wakapatana kabla kesi haijasikilizwa. Haikuamuliwa nani mkweli, nami siamui. Nauliza tu: katika miaka hiyo yote, Shandling alipotaka ushauri juu ya hisa za mtayarishaji, angemwendea nani, ikiwa mshauri wake ndiye mtayarishaji? Grey aliendelea vizuri. Mwaka 2005 alipewa uongozi wa Paramount.

Watetezi watasema kwamba watu hawa wametoa kazi nzuri, na kwamba The Sopranos, iliyoanza mwaka 1999, isingekuwapo bila Grey huyo huyo. Nakubali bila kinyongo. Uzuri wa kazi haujapata kuwa jibu la swali la nani alimtetea mfanyakazi siku ya kupatana mshahara.

Ila wana hoja nyingine, nayo ni nzito zaidi. Husema kwamba meneja akilipwa kama mtayarishaji, kwa kawaida huacha kuchukua asilimia yake kutoka kwa msanii. Basi msanii kapunguziwa mzigo, analalamikia nini? La hasha! Hapo ndipo mahali penye hatari kuliko pote. Ile asilimia kumi au kumi na tano ndiyo kamba pekee iliyomfunga meneja na mshahara wa msanii. Msanii akilipwa elfu, yeye alipata mia. Akilipwa elfu mbili, mia mbili. Kamba hiyo ikikatwa, mshahara wa msanii unakuwa kwake gharama tu, kama mbao na rangi za jukwaa, na mtayarishaji hodari ni yule apunguzaye gharama.

Waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waliligundua hili kwa uchungu. Aprili 2019, zaidi ya waandishi 7,000 waliwafukuza mawakala wao, kwa kuwa mawakala walikuwa wakilipwa na watayarishaji na wengine kumiliki kampuni za utayarishaji. Mvutano ulikwisha Februari 2021, mawakala wakikubali kuyaacha malipo hayo ifikapo katikati ya 2022, na kutomiliki zaidi ya asilimia 20 ya kampuni ya utayarishaji. Kwa nini 20, na si sifuri, sijaona aliyeeleza kwa namna ya kuridhisha.

Nao wale walikuwa na chama chenye nguvu. Mwigizaji asiye na chama, ambaye mkataba wake ni neno la mdomo, na ambaye meneja wake ni ndugu au rafiki aliyemtoa kijijini, atamfukuza nani? Mwanafunzi akileta darasani gazeti lenye kichwa cha habari kwamba meneja fulani “amekuwa” mtayarishaji, mwalimu na amwambie alisome tena, atafute humo jina la wakala mpya wa wale wasanii. Kwa kawaida hataliona.