Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno hilo ni jema, na ukarimu ni ada yetu. Lakini sisi wakazi wa Rusizi nchini Rwanda, hapa Ziwa Kivu linapomimina maji yake mtoni, tuna haki ya kuuliza: katika wakubwa wote waliotujia tangu enzi za babu zetu, ni yupi aliyemponya mwenyeji?

Rwabugiri, mwami (mfalme) wa Rwanda, alifariki mwaka 1895. Mwaka uliofuata askari wa Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, walipiga kambi Shangi, kando ya Ziwa Kivu. Jeshi la Rwanda lilikwenda kuwatoa, likashindwa na bunduki, na kamanda wake Bisangwa akauawa. Kabla mwaka haujaisha, wakuu wa ikulu nao waliuana wenyewe kwa wenyewe kule Rucunshu, wakigombea kiti cha enzi. Basi Mjerumani alipokuja na bendera yake mwaka 1897, washindi wa Rucunshu, waliomtawaza Mwami Musinga, walimkaribisha, maana walitaka mlinzi dhidi ya Mbelgiji na dhidi ya ndugu zao. Hapo ndipo penye somo. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani, na aliyeufungua ni ugomvi wa nyumbani.

Baada ya hapo Mjerumani na Mbelgiji walivutana juu ya Kivu zaidi ya miaka kumi. Mei 1910, huko Brussels, wakiwa pamoja na Mwingereza, walitia saini mkataba wa mipaka. Mto Rusizi ukawa mpaka, kisiwa cha Ijwi kikawa cha Mbelgiji, na eneo la Bufumbira likaenda kwa Mwingereza. Mwami wa Rwanda hakuitwa mezani, wala mwami wa Bushi, ng'ambo ya ziwa. Vita vya Ulaya vilipozuka mwaka 1914, Wajerumani waliiteka Ijwi. Aprili 1916 kikosi cha Wabelgiji chini ya Olsen kilivuka mto kutoka Kongo kikaingia Cyangugu. Ugomvi ulikuwa wa Ulaya, lakini mabega yaliyobeba shehena za vita vile yalikuwa ya Waafrika.

Leo wakubwa wamebadilika majina. Marekani, China na nchi za Ulaya zinayawania madini ya Kongo: koltani na bati za Kivu, shaba na kobalti za Katanga. Mwaka 2025 Bukavu, mji tunaoutazama ng'ambo ya maji, uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Mnamo 27 Juni mwaka huohuo mawaziri wa Rwanda na Kongo walitia saini mapatano ya amani Washington, na Qatar nayo ikawaketisha Doha serikali ya Kongo na M23. Simlaumu mpatanishi, anayezima moto ashukuriwe. Lakini tusisahau kwamba katika mazungumzo ya Washington amani na madini vilikwenda pamoja. Mgeni ana haja yake, nasi tuijue yetu.

Yuko atakayesema kwamba mnyonge hachagui. Mimi nasema hapana. Mwaka 1976 Rwanda, Burundi na Zaire, yaani Kongo ya leo, ziliunda jumuiya yao ya Maziwa Makuu, na mwaka 1989 bwawa la Rusizi ya Pili lilizinduliwa, mali ya nchi zote tatu. Serikali zimegombana mara nyingi tangu hapo, lakini maji yaleyale yameendelea kutoa umeme kwa wote. Huo ndio ushahidi kwamba meza tunayoiandaa wenyewe inaweza kusimama.

Kwa hiyo, wazee, wafundisheni vijana habari za Shangi na za Brussels, wajue mpaka huu ulichorwa na nani. Nanyi vijana, msiwachukie watu wa ng'ambo kwa sababu ya maneno mnayoyasoma kwenye simu. Mama anayevuka daraja na beseni la samaki wa sambaza ni mama yenu. Viongozi wetu wa pande zote, kabla ya kutia saini kwa mgeni, ulizeni: atakapoondoka, kitabaki nini nyumbani?

Mgeni na aje, na apewe kiti. Funguo za nyumba azishike mwenyeji, na mwenyeji asigombane na jirani yake.