Mnacheka "to", mbona mnanyamaza kwa "by"?

Wasee, juzi niliposti "listen this song" na komenti zikanimaliza. Ati nirudi darasa la tatu. Sawa, "to" ilikosekana hapo, nakubali. Kwetu unasikiliza wimbo, basi, hakuna kidude katikati. Lakini hilo kosa lilimuumiza nani? Kila mtu alielewa.

Sasa nyinyi walimu wa "to", mbona hamjawahi kupigia mtu kelele juu ya "by"?

Skizeni. Kiswahili kina "wimbo wa". Wimbo wa mamangu: ameutunga? Anauimba? Ametungiwa? Unamhusu? Yote yanaingia hapo, na tukiwa tunapiga stori tunaelewana tu. Kizungu kinakupa maneno ya kuchagua. "By" mamangu, kazi ni yake. "For" mamangu, ni zawadi yake. "About" mamangu, unamzungumzia yeye, na pengine hata hajui.

Mwaka jana nilikesha siku tatu nikitengeneza biti ya msee fulani. Ngoma ikatoka. Juu kabisa: "song by" yeye. Chini kabisa: "thanks to" mimi. Thanks to! Kama mtu aliyetumwa soda. Nilitaka "produced by", maneno mawili tu. Akaniambia, "Si ni Kizungu tu, buda?" Zii. Mtu akitafuta prodyusa, anasoma hapo. Mimi hapo ni rafiki aliyeshukuriwa.

Na hii haijaanza na mimi. Uliza watu Malaika ni wimbo wa nani. Wengi watakuambia Miriam Makeba. Makeba aliuimba, ndiyo. Fadhili William alikuwa ameurekodi kabla yake. Na aliyeutunga? Kuna wanaosema ni Fadhili, kuna wanaosema ni Adam Salim, na ubishi haujaisha mpaka leo. "Sung by" si "written by", na mtu anaweza kuzeeka bila senti katikati ya hayo mawili.

Kwa hivyo nichekeni kwa "to", nimezoea. Lakini kabla uposti ngoma ya watu, uliza: nani aliandika, nani aliimba, nani alitengeneza biti, nani alialikwa ubeti mmoja tu. Halafu kila mtu mpe neno lake.

Ukikosea "to", utachekwa. Ukikosea "by" makusudi, hiyo si Kizungu mbaya. Umeiba.