Uzuri wa Munnar ni Kazi ya Nani?

Katika Bara Hindi, upande wa kusini, jimbo la Kerala, kuna mji mdogo wa milimani uitwao Munnar. Uko juu ya bahari kadiri ya mita 1,500, na maana ya jina lake ni mito mitatu, kwa kuwa mito mitatu hukutana hapo. Hewa yake ni ya baridi, ukungu hushuka asubuhi, na vilima vyake vimefunikwa na chai kama mkeka wa kijani uliotandikwa vema. Watu wengi husafiri kwenda kuutazama, na wakirudi hueneza sifa zake na picha zake. Sifa hizo hatuzikatai. Tunalokataa ni neno moja tulisikialo mara nyingi, hata vinywani mwa watu waliosoma: ya kwamba uzuri ule ni wa asili tu, na mgeni hana jambo la kufanya ila kuyafurahisha macho yake.

Je, ni wa asili kweli? Kabla ya chai, vilima vile vilikuwa na majani mafupi, na mabondeni mlikuwa na misitu minene; na miongoni mwa wenyeji wake walikuwako watu waitwao Muthuvan. Mwaka 1877 Mzungu mmoja, John Daniel Munro, aliikodi nchi ile kwa mtawala wa Poonjar. Wazungu wakajaribu kahawa na mkwinini, kisha, tangu mwaka 1880, wakapanda chai. Misitu ikafyekwa, na watu wakaletwa kutoka nchi ya Watamil, wengi wao maskini wa jamaa zilizodharauliwa, ili walime na kuchuma. Tena mche wa chai ukiachwa huwa mti mrefu. Ukiuona umeishia kiunoni mwa mtu, ujue umekatwa kwa mkono wa mtu, si mara moja wala mbili. Basi mkeka ule ni kazi, kama shamba la mahindi lilivyo kazi. Atakaye kuiona asili ya Munnar na aende mbuga ya Eravikulam, akawatazame mbuzi-mwitu wa miambani, na ua la neelakurinji lichanualo mara moja kwa miaka 12, kama lilivyochanua mwaka 2018.

Wako watakaotujibu: "Mgeni amekwenda kupumzika, si kuhukumu, tena fedha yake huwafaa wenyeji." Neno hili lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Fedha ya mgeni huipokea mwenye hoteli, mwenye gari na mwenye duka. Mwanamke aliyepigwa picha akichuma hapati kitu kwa kutazamwa. Ujira wake hutoka katika majani. Mwezi wa Septemba mwaka 2015 wanawake hao kwa maelfu waliacha kazi, wakaketi barabarani. Ujira wao ulikuwa rupia 232 kwa siku, nao walitaka 500; tena bonasi yao ya mwaka ilikuwa imepunguzwa, wakadai walipwe asilimia 20. Wakawakataza viongozi wanaume wa vyama vya wafanyakazi wasisimame mbele yao, maana waliona ya kuwa hao hawawasemei. Bonasi waliipata, na mwezi uliofuata ujira ukapandishwa hadi rupia 301. Mtalii aliyepita barabara ile mwaka uliotangulia aliona nini? Aliona majani.

Tena zitazameni nyumba. Nyumba za wachumaji hujengwa safu, ukuta kwa ukuta, nazo si mali yao. Mtu akizeeka akaacha kazi, na jamaa yake hawana mwingine aliye kazini shambani, hawana budi kuihama. Usiku wa tarehe 6 Agosti 2020, mvua kubwa ikinyesha, mlima ulimomonyoka ukaziangukia safu za Pettimudi, karibu na mbuga ile ile tuliyoitaja. Wakafa watu 70, pamoja na wachache ambao miili yao haikuonekana. Wengi wao walikuwa watu wa jamaa zilizofanya kazi katika vilima vile vizazi kwa vizazi, wala hazikuwa na kiwanja chao wenyewe cha kujenga mahali pengine.

Hatusemi watu wasisafiri. Wazee wetu walinena, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na jembe la mgeni wa Munnar ni kuuliza na kusikiliza. Na aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Na amwajiri kiongozi wa njia aliyezaliwa katika safu zile, apate kusikia habari zake kwa kinywa chake mwenyewe. Na akirudi kwao, asimulie habari za watu pamoja na habari za vilima.

Nasi wa Afrika ya Mashariki tusidhani ya kuwa shauri hili ni la mbali. Chai ilipandwa Limuru mwaka 1903, na leo twaiona Kericho, Usambara, Mufindi na Rungwe. Na wako watu wetu waendao huko kutazama tu, kama wale waendao Munnar. Walimu wenzetu, twawasihi: mkiwapeleka wanafunzi katika mashamba hayo, msiwaandikishe insha juu ya ukungu na rangi ya majani peke yake. Waandike pia mchumaji huamka saa ngapi, huchuma kilo ngapi, hulipwaje, na siku atakapoishiwa nguvu atalala wapi. Mwanafunzi asiyeweza kuyajibu maswali hayo hajafika shambani, ijapokuwa miguu yake imelowa umande wake.