Wana wa Buha, Msiishie Kwenye Uzamivu

Mzazi wa Kasulu akisikia mwanawe kapata shahada ya uzamivu, huchinja mbuzi. Akisikia tena kwamba daktari huyo anaomba miaka 2 zaidi ya kukaa maabara, hununa: utasoma mpaka lini? Ndugu zangu, huko si kusoma. Utafiti wa baada ya uzamivu ni kazi yenye posho, na ndiko msomi anakopata mkono wa kazi: kupima, kurudia kupima, na kujua kipimo chake kinaweza kukosea kwa kiasi gani.

Tazameni asali ya Kibondo. Kanuni za kimataifa za chakula, Codex, zinataka maji katika asali yasizidi asilimia 20. Mrina asali hutambua iliyoiva kwa jicho na ulimi, na mara nyingi yu sahihi. Lakini mnunuzi wa mbali hanunui ulimi wa mtu, anataka cheti. Asiye na kipimo hupokea bei ya mwenye kipimo. Muhogo nao tunauloweka, tunauvundika, tunauanika. Ila unga wake kwa kanuni hizo hizo usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo, na miligramu hazionjwi.

Wengi tukisikia vipimo twafikiria lumbesa tu na Wakala wa Vipimo kukagua mizani sokoni. Mizani ile inategemea mawe yaliyohakikiwa, na mawe yanategemea maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo, kama ile ya Shirika la Viwango (TBS). Hata kilo yenyewe, tangu tarehe 20 Mei 2019, haitegemei tena kipande cha metali kilichohifadhiwa karibu na Paris. Kuna wanasayansi waliofanya kazi ya kuifafanua upya kwa miaka mingi. Wa kwetu walikuwa wapi?

Wala tusijifanye wageni wa tanuri la chuma. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science habari za uyeyushaji chuma wa Wahaya, jirani zetu wa Kagera. Wazee ndio waliojua kuyeyusha; wageni ndio waliopima, na makala ikabeba majina ya waliopima. Mtanzania mwenzetu Dkt. Askwar Hilonga alifuata njia nyingine: alisomea Korea Kusini, akarudi Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, akabuni chujio la maji lililompatia tuzo ya Afrika ya uhandisi mwaka 2015.

Basi ombeni. NIST, taasisi ya viwango na vipimo ya Marekani, msiipotezee muda, nafasi zake nyingi za namna hii ni za raia wao. Wakfu wa Humboldt wa Ujerumani na TWAS, akademia ya sayansi yenye makao Trieste, Italia, huwafadhili watafiti wa nchi kama yetu. Na katika maombi yenu andikeni asali, andikeni muhogo. Hayo mnayajua kuliko profesa atakayewapokea.

Nanyi madiwani mnaotoza ushuru wa mazao Kasulu na Kibondo, tengeni fungu mnunue vifaa vya mwanzo na kuandaa chumba chenye umeme usiokatika ovyo, mtafiti akirudi awe na pa kufanyia kazi.