Kanola inatufundisha nini kuhusu mashudu ya alizeti?

Machi 20, 2025 China ilianza kutoza ushuru wa asilimia 100 kwa mafuta na mashudu ya kanola kutoka Canada. Hatua hiyo ilikuwa jibu kwa ushuru wa kiwango hicho hicho ambao Canada iliuweka Oktoba 2024 kwa magari ya umeme yanayotengenezwa China. Agosti 2025 China ikaongeza tozo ya muda ya asilimia 75.8 kwa mbegu zenyewe, ikidai kuwa zinauzwa kwa bei ya kutupa. Januari 2026 nchi hizo mbili zilitangaza makubaliano ya kulegeza ushuru huo, lakini wakulima na wakamuaji wa Canada walikuwa tayari wamekwishaonja machungu ya kufungiwa soko.

Kwa mkulima wa alizeti wa Singida, Kongwa au Babati, ugomvi huu unaweza kuonekana ni wa wakubwa na wa mbali. Hata hivyo, kuna jambo moja ndani yake linalomhusu. Katika orodha ya bidhaa zilizopigwa ushuru, mashudu yalitajwa sambamba na mafuta. Nchi haiwezi kuadhibiwa kupitia bidhaa isiyo na thamani. Je, sisi tunayapa mashudu uzito huo?

Kanola ni zao la jamii moja na kabichi na haradali. Hapa Afrika Mashariki linalimwa kwenye baadhi ya mashamba makubwa ya Timau nchini Kenya, kwa kupokezana na ngano. Ukikamua kilo 100 za mbegu zake kiwandani unapata mafuta kati ya kilo 42 na 45. Sehemu kubwa ya kinachobaki, zaidi ya nusu ya mzigo, ni mashudu yenye protini ya asilimia 36 hadi 38. Mashudu hayo hulishwa ng'ombe wa maziwa, nguruwe na kuku, na mnunuzi mkubwa wa yale ya Canada ni Marekani.

Zamani hali haikuwa hivyo. Mashudu ya zao hili yalikuwa na kemikali chungu zinazopunguza hamu ya kula na kudhuru tezi ya shingo ya mnyama, hivyo yalitumika kwa kiasi kidogo tu. Mafuta yake nayo yalikuwa na asidi iliyotiliwa shaka kiafya. Watafiti wa Canada, wakiwemo Baldur Stefansson na Keith Downey, walizalisha mbegu bora hatua kwa hatua, na mwaka 1974 ikatolewa aina ya kwanza iliyopunguziwa kasoro zote mbili. Jina la kanola lilianza kutumika mwaka 1978 kuzitofautisha mbegu hizo na za zamani. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya uliruhusu protini iliyochujwa kutokana na zao hilo itumike katika chakula cha binadamu.

Kwa maneno mengine, soko la mashudu ya kanola lilijengwa. Kasoro ilitafutwa, ikaondolewa, kisha mnunuzi akahakikishiwa kiwango cha protini anachokilipia.

Sasa turudi kwenye alizeti yetu. Kasoro yake kubwa haiko kwenye sumu, iko kwenye maganda. Mashine nyingi ndogo hukamua mbegu pamoja na ganda lake, kwa hiyo mashudu hutoka na nyuzinyuzi nyingi na protini ambayo mara nyingi haifiki asilimia 30. Ng'ombe huyamudu vizuri, lakini kuku hawezi kulishwa mengi. Mtengenezaji wa chakula cha kuku hukimbilia soya na dagaa, naye mkamuaji huuza mashudu kwa bei ya kuondoa mzigo.

Tupige hesabu ndogo. Mashine ya kawaida ikikamua kilo 100 za alizeti, tuchukulie inatoa mashudu kilo 65. Kila nyongeza ya Sh100 kwa kilo ya mashudu humwingizia mkamuaji Sh6,500 zaidi kwa kila kilo 100 za mbegu alizonunua. Fedha hiyo ndiyo inayoweza kumpa nafasi ya kumlipa mkulima bei bora, hata pale ambapo bei ya mafuta imeshuka.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mafuta ya kula duniani. Mwaka 2023 bei ya alizeti nchini ikaanguka, na mjadala wote ukawa ni ushuru wa mafuta kutoka nje. Mjadala huo ni wa haki, lakini unagusa chini ya nusu ya uzito wa gunia.

Nini kifanyike? Kwanza, wakamuaji walio karibu waungane kununua mashine ya kubangua, ili sehemu ya maganda itolewe kabla ya kukamua. Pili, sampuli za mashudu zipimwe maabara na kiwango cha protini kiandikwe kwenye gunia. Tatu, mashudu yakauke vizuri na yahifadhiwe juu ya vichanja, kwani yenye unyevu huota ukungu na yaliyobaki na mafuta mengi huchacha haraka. Nne, vyama vya ushirika vinapojadiliana bei na kiwanda viulize pia mashudu yanauzwa kiasi gani, badala ya kuishia kwenye bei ya lita ya mafuta.

La mwisho ni onyo kutoka Canada yenyewe. Ubora peke yake haukuwakinga, kwa kuwa China ilikuwa mteja mkubwa mno kwao. Kwetu sisi, anayetegemea msafirishaji mmoja wa nje anajiweka katika hatari ileile. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walio jirani, kila mmoja akinunua magunia machache, ni soko lisilofungwa kwa tangazo la siku moja.